Kiini Chekundu cha Xom Bau

Dong Tranh, 18 Februari 2001

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukali. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka mpya wa Tet bado haijaondoka, tunalala na soksi. Thuc anaendelea na kazi yake ya kuchoma matofali, jioni anarudi uso mweusi mpaka mama yake anamuuliza yeye ni nani na anamtafuta nani. Kabla ya sikukuu nilishona nguo mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa cherehani imepumzika na mimi nimepumzika nayo.

Mjomba Ut hajambo? Mkewe je? Na Bwana Mkubwa bado anang'ata watu? Nimemsimulia mama mkwe habari za lile dume la bata bukini lililokuwa likinikimbiza kila asubuhi nikienda shule, akacheka akajishika mbavu. Anasema bata wa kwenu wana roho ya polisi.

Bibi, nina ombi dogo. Tumbo la mama mkwe halitulii siku hizi, na kuna mtu kamwambia ale mayai ya bata bukini. Huku ni shida kuyapata. Nikamwambia kwetu Xom Bau bata bukini ni wengi kuliko watu, na viini vya mayai yao ni vyekundu kama boga lililoiva, kwa sababu wanakula bwawani. Naomba unitumie kikapu kimoja. Binamu yake Thuc ni kondakta wa treni, atakipokea pale stesheni.

Usibebe mwenyewe. Mwambie mjomba.

Mjukuu wako,
Mien


Xom Bau, 7 Machi 2001 (tarehe kaniambia Ut, ikiwa si yenyewe mlaumu yeye)

Mien mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini linauma palepale, halijahamia kwingine, kwa hiyo sina la kulalamika. Ut hajambo. Mkewe hajambo, amenenepa. Bwana Mkubwa juzi kamng'ata karani wa kodi. Nilimpa mahindi.

Unajua mimi darasani sikuingia hata siku moja. Herufi nilifundishwa na marehemu babu yako kwa mkaa kwenye ukuta wa banda, kwa hiyo nikikosea wewe soma kwa moyo. Ut ananihimiza nikapige simu posta. Sitaki. Yule msichana wa posta anatafuna mbegu za tikiti na kusikiliza, kabla sijafika nyumbani soko zima linajua goti gani linaniuma.

Sasa hilo tumbo la mama mkwe wako. Mimi nimeangua kuku, bata na bata bukini tangu sijaolewa. Yai la bata bukini halitibu tumbo la mtu mzima. Linaliwa na mwanamke wa namna moja tu, na analila ili mtoto wake awe na akili. Sisemi kitu. Wewe hujaniambia, mimi sijasikia. Miezi mitatu ikishapita utaniambia kama desturi inavyotaka, nami nitajifanya nimeshtuka.

Ila mayai sina. Bata wamegoma kutaga mwaka huu. Nunua hukohuko. Hata yakiwa ghali, hata yakiwa madogo, hata viini vikiwa vyeupe kama uso wa mgonjwa, nunua hukohuko.

Kula samaki wa baharini. Usibebe ndoo.

Bibi yako


Dong Tranh, 2 Aprili 2001

Bibi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, ilipita kwanza kijiji kingine chenye jina kama letu. Sisi ni wazima. Thuc alijiunguza mkono kidogo, amepona.

Haya, jishtue sasa. Nina mimba. Miezi mitatu imekwisha, Septemba nitakuwa mama, Mungu akipenda.

Bibi, bata bukini wako wanagoma kutaga tangu lini? Mimi nimekulia katika banda hilo. Machi huwa hatuna mahali pa kukanyaga kwa mayai. Mama mkwe aliposikia umesema huna aliwaambia majirani, mimi nikiwa nimesimama palepale, kwamba kuna koo zinazofuga bata bukini na bado zinamnyima kitukuu wao yai moja. Niliingia ndani nikajifanya natafuta sindano.

Labda umekasirika kwa kuwa niliolewa mbali. Kama ni hivyo sema, usisingizie bata.

Kwa vyovyote, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama, na kwa kuwa mama sina, kwa mama ni kwako. Mwanzoni mwa Agosti nitapanda treni. Thuc ameshakubali. Niandalie kile kitanda cha dirishani, kinachotazama bwawa.

Mien


Xom Bau, 20 Aprili 2001

Mien,

Nimeshtuka sana. Nimefurahi, nimelia, nimemfukuza mke wa Ut asinione nikilia. Nimemwambia mama yako mbele ya picha yake, nikamwekea chungwa.

Sikukasirika kwa kuwa umeolewa mbali. Ningekasirika, ungenisikia hukohuko bila posta.

Sasa sikiliza. Agosti usije. Paa la upande wa dirishani linavuja. Ut anasema atalitengeneza, na wewe unamjua Ut. Tena Agosti kuna mvua, na bwawa likifurika maji yanaingia mpaka jikoni. Na mkunga wetu amezeeka, mikono inatetemeka, juzi kamkata mtoto ukucha badala ya kitovu. Zaa huko. Mnayo hospitali ya wilaya, ina taa.

Mwambie mama mkwe wako bibi ni mchoyo. Mimi nimeitwa majina mabaya kuliko hilo.

Habari nyingine hakuna. Walikuja watu kutoka mjini, wenye viatu vya mpira mpaka magotini, wakachota tope la bwawa wakalitia kwenye vichupa. Walichukua na mayai. Waliondoka na gari safi sana. Labda wanatafuta mafuta.

Usiniandikie tena habari ya mayai.

Bibi


Dong Tranh, 30 Mei 2001

Bibi,

Shikamoo, na ahsante. Sijui nianzie wapi. Kikapu kimefika! Binamu yake Thuc alikileta mwenyewe mpaka mlangoni, mayai yamefukiwa vizuri ndani ya maganda ya mpunga, hakuna lililopasuka. Mjomba Ut ameandika kwenye karatasi: mpe mwanetu ale, awe daktari atulishe uzeeni. Nilijua hutaweza kuninyima. Kumbe bata hawakugoma, wewe ndiye uliyegoma, halafu ukaona haya kusema umekubali.

Nimekwisha kula. Matamu sana, kama zamani. Mama mkwe amewaita majirani wote waje kuona kiini chekundu cha Xom Bau. Sasa ananiita mwanangu.

Tumbo limekuwa kubwa, mtoto anacheza hasa nikishona. Kuhusu paa, Thuc anasema atakuja nami alitengeneze yeye. Kwa hiyo sababu imekwisha.

Mien


Xom Bau, 8 Juni 2001

Mien,

Leo sikusalimu. Salamu zitakuja mwishoni, zikibaki.

Usile yai lingine. Lililobaki lizike, usimpe nguruwe, usimpe mbwa. Kama mama mkwe wako anakula, mnyang'anye. Sikuyatuma mimi. Ut aliyatoa bandani nilipokwenda hekaluni, akayapeleka stesheni, akarudi akakaa kula wali mbele yangu kama mtu asiye na kitu rohoni. Nimejua leo kwa barua yako. Nimemrushia bakuli. Limempata.

Nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu mjamzito haambiwi mambo ya kutisha, mama yangu alinikanya hivyo, na bibi yangu alimkanya yeye hivyohivyo. Kwa ajili ya kukulinda na maneno nimekuacha ukala mayai. Basi sasa utasikia yote. Kaa chini.

Lilianza mwaka juzi kwa kuku. Unakikumbuka chumba cheusi cha kumulikia mayai, pale bandani. Yai zima ukilishika mbele ya taa unaona mishipa imesambaa kama mizizi, na katikati kitone kinachezacheza. Haya yangu yalianza vizuri, halafu nusu ya safari mishipa ikakatika, ikabaki pete ya damu. Yale yaliyofika mwisho, kifaranga alishindwa kuvunja ganda. Nikawa nayavunja mimi. Shingo imevimba maji, kama kitu kilichozama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jicho moja kubwa, jingine kama mbegu ya ufuta. Mdomo wa juu umekwenda kushoto, wa chini umekwenda kulia. Mkasi uliovunjika, ndivyo ulivyokuwa.

Nilidhani ni jogoo. Nikamchinja, nikaleta mwingine kutoka ng'ambo ya mto. Mambo yakawa yaleyale. Nikadhani ni maganda ya mpunga ninayopashia moto mayai, labda yana dawa ya wadudu. Nikaenda kumtukana mzee Bay anayeniuzia, mbele ya wateja wake, nikamwita muuaji wa vifaranga. Hatusalimiani mpaka leo. Nikachoma ubani. Nikabadilisha taa. Kisha ikaingia kwa bata wa kawaida, na mwaka huu kwa bata bukini. Na kilichonishinda kabisa, mwanangu, ni kwamba mama zao ni wazima. Wamenona, manyoya yanang'aa, wanataga kila kukicha. Ukimtazama mama huoni kitu. Kitu kiko ndani ya yai.

Wale watu wa vichupa nilikwambia nusu. Kulikuwa na msichana mmoja, Hanh, umri wako. Alichuchumaa nami topeni, akanishikia kuku bila kuogopa. Mchana nikamwekea wali na mayai ya chumvi, yale ambayo watu wa mjini hupanda basi kuyafuata. Alikuwa amechoka, ana njaa, akalitazama yai la kiini chekundu, akala wali na mchuzi wa chupa wa samaki wa baharini tu. Nikamuuliza, mbona huli? Akasema ameshiba. Nikamwambia, binti, mimi ni mzee, si mjinga. Akaangalia nje kama wenzake wako mbali. Akasema: "Bibi, sijaruhusiwa kusema kitu mpaka majibu yatoke. Lakini ungekuwa ndiye uliyemzaa mama yangu, ningekwambia usile."

Nilimshika mkono sikumwachia mpaka akamaliza. Ni yale mapipa ya vita, ya ile dawa ya kuua majani, yenye mstari wa rangi ya chungwa. Yaliwekwa kule juu kwenye uwanja wa ndege wa jeshi, yakavuja, na kila mvua inashusha kidogo mpaka kwenye bwawa letu. Dawa yenyewe wanasema imekwisha kitambo, ila ndani yake mlikuwa na sumu isiyokwisha, ina jina, dioksini. Inakaa topeni. Mnyoo anakula tope, samaki anakula mnyoo, bata anakula wote wawili. Haitoki na mkojo, haitoki na jasho, inajificha kwenye mafuta. Mama anapotengeneza yai anaitua kwenye kiini. Na kifaranga ana chakula gani kingine humo ndani? Kiini. Anakinywa ndipo anajiumba mdomo na macho. Kuku ndio wanyonge zaidi, ndiyo maana walitangulia. Hanh anasema popo, fisi-maji, hata nguruwe, kila kiumbe kinachojengwa ndani ya mama kiko hatarini. Kila kimoja kwa namna yake.

Kile kiini chekundu ambacho Xom Bau nzima inajivunia. Ndicho.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia suala linachunguzwa. Nikamuuliza linachunguzwa mpaka lini, akasema linachunguzwa kwa makini. Wakaweka ubao bwawani, kukataza kuvua. Mtu akauchukua akautia kwenye banda la nguruwe, ni mbao nzuri. Bi Nam anayenunua mayai yangu kaniambia nikisema neno hili sokoni nitaua chungu cha kila nyumba hapa, na hilo ni kweli, ndilo linaloniudhi kuliko yote, sina hata mtu wa kumchukia vizuri. Na Ut, kichwa kimefungwa kitambaa kwa ajili ya bakuli langu, anasema: "Mama, sisi hayo mayai tumeyala maisha yetu yote. Tumekufa?"

Nikamwambia, sisi tulishatoka kwenye yai. Anayeumia ni aliye ndani.

Akainuka, akaenda kulisha bata.

Ndiyo sababu sikutaka uje kulala dirishani pa bwawa. Paa halivuji.

Jibu upesi. Umekula mangapi?

Bibi


Xom Bau, 12 Julai 2001

Mien,

Umenyamaza. Naenda posta kila siku ya soko. Yule msichana ananiona na mbali anatikisa kichwa, haachi hata kutafuna.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama unaumwa, Thuc aandike. Hata kama hajui kuandika, achore tumbo lililo zima aniletee.

Majibu ya vichupa hayajatoka. Nilimwendea tena mwenyekiti, akasema mimi namsumbua. Nikamwambia bado sijaanza.

Bibi


Dong Tranh, 25 Julai 2001

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mtoto anacheza. Nimekawia kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Sikula hata moja. Nilikudanganya. Siku kile kikapu kilipofika nilikuwa natapika hata kwa harufu ya wali, na yai lilipokatwa nikakimbilia uani. Lakini ningekuandikiaje kwamba yai lako limenichefua, baada ya maneno yote yale? Nikaandika matamu. Mama mkwe akasema ni dhambi kuyaacha yaharibike, na yeye anataka mbegu ya Xom Bau uani kwake, apate kiini chekundu naye. Akayaweka chini ya bata bukini wake aatamie.

Barua yako ilipofika mayai yalikuwa yako karibu kuanguliwa. Sikumwambia mtu. Nilikaa nikijiambia umezeeka, unatia chumvi, umekorofishana na mjomba tu. Nikangoja.

Hayakuanguliwa, Bibi. Alitoka mmoja tu. Mama mkwe alimwona kwanza, akafunika kapu kwa kitambaa cha kichwani mwake, akanikataza kusogea, mjamzito hatazami vitu vya namna ile. Alipokwenda kisimani nikafunua. Mdomo kama ulivyosema. Juu kushoto, chini kulia. Alikuwa analia na hawezi kufunga mdomo.

Nilidhani atamtupa. Hakumtupa. Anampondea uji, anamlisha kwa kijiko cha chai, anamlaza karibu na jiko. Hajasema neno na majirani, yeye ambaye kila kitu ni cha majirani. Jana nilimkuta anamwambia yule kifaranga, "fungua, baba, fungua tena." Nikatoka kimya.

Nikampa barua yako aisome. Akaisoma, akaikunja, akaniambia, "Mwandikie bibi yako kwamba nilimwita mchoyo, na kwamba ninaona aibu." Nimeandika.

Sasa zamu yangu. Umenijazia kurasa juu ya mayai ambayo sikuyala. Hukuandika mstari mmoja juu ya yale niliyoyala. Mimi nimelelewa humo bandani. Kila asubuhi ulinivunjia yai kwenye uji, hata siku hamkuwa na mchele wa kesho. Wewe unasema mama anaonekana mzima, amenona, na kitu kiko ndani ya yai. Bibi, mimi ni mzima na nimenona. Watu wote wananisifu nimependeza na mimba.

Nilimuuliza daktari wa wilaya. Alisikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Nikamuuliza swali lenyewe, akatazama dirishani.

Thuc sijamwambia. Anachonga kitanda cha mtoto, ananiuliza nataka maua au samaki ubavuni.

Nije, au nisije? Na mimi ni yai la namna gani? Usinijibu habari za paa.

Mien


Xom Bau, 24 Agosti 2001

Mien mwanangu,

Hii siitii posta. Nitakuja nayo kifuani nikupe mkononi, kwa sababu nikiwa mbele yako nitaanza kuongea habari za goti. Nikikupa, nenda kakae mahali peke yako, uisome, halafu rudi jikoni.

Usije. Mimi ndiye ninayekuja. Najua mila inasema nini, mtoto wa kwanza kwa mama yake mzazi. Mila haikuulizwa mapipa yalipowekwa kule juu. Nitahamisha nyumba ya mama, niibebe mgongoni.

Nisingeweza kuwaacha ndege kwa Ut, angeuza mayai kabla treni haijapiga honi. Nimewaua wote. Bi Nam aliposikia alikuja na gari kutaka kuwanunua wakiwa hai, nikasimama mlangoni na panga. Mwenyekiti naye akaja, akasema hakuna karatasi iliyoniamuru kuua na kwa hiyo hakuna wa kunifidia. Nikamwambia simdai, anipishe. Ut hakutaka kushika jembe. Mimi na goti langu nilikuwa nachimba, shimo halifiki hata nusu, nikasikia mtu anachimba upande wa pili. Mzee Bay, yule wa maganda ya mpunga. Tangu nilipomtukana hatujasalimiana, na hata siku hiyo hatukusalimiana. Tulichimba. Tulimwaga chokaa juu. Alipomaliza akafuta jembe akasema, "Sasa yalikuwa maganda yangu?" Nikasema hapana. Akaenda zake. Huyo ndiye mtu pekee hapa aliyeniuliza swali lenye jibu.

Bwana Mkubwa nilimwacha wa mwisho. Alinijia mwenyewe, alidhani nina mahindi. Sitaki kuandika zaidi.

Ut anakula kwa mkwe wake, hasemi nami. Atasema. Njaa ikimzidi hujua njia. Bwawa liko palepale, limetulia, zuri, na watoto wa upande wa pili wanavua humo, maana ubao hakuna. Nimewapigia kelele mpaka sauti imekauka. Wananiita kizee cha bata.

Haya. Swali lako.

Sijui. Hanh nimemtafuta mpaka mjini, nikamkuta, naye hajui. Alisema mtu si kuku. Alisema wengine huzaa wazima na wengine la, na hakuna anayeweza kulimulika tumbo lako kwa taa akaona mpaka mwisho. Alisema usile mafuta ya nyama ya huku, na huko uliko ni mbali, hilo ni jema. Hakutazama dirishani. Ndivyo alivyosema, nami nakupa kama nilivyopewa.

Lakini mimi nina langu, ambalo sikukwambia kamwe. Mama yako kabla yako alibeba mimba na haikufika. Akabeba nyingine, ikafika, na mtoto hakulia. Tulimzika nyuma ya banda, pale ulipokuwa ukicheza na kitoto cha mbuzi, na sikukukataza kucheza pale kwa sababu nilipenda asikie sauti ya mtoto. Tulisema ni pepo, tulisema ni mama yako kubeba ndoo nzito za maji. Mama yako alikufa kwa homa akiamini ni makosa yake. Hilo ndilo linaloniumiza. Si mayai. Ni kwamba binti yangu aliondoka na hatia ya watu wengine kifuani, na wenye nayo hawakuwahi hata kujua jina lake.

Kisha ukaja wewe. Kwenye tumbo lilelile, kwenye bwawa lilelile, ukiwa na midomo miwili inayokutana na kelele za kuamsha mtaa. Wewe ndiye yai lililoanguliwa. Sasa unajua namna gani.

Na sitakuomba radhi kwa yai la uji. Nilikupa kilicho bora nilichokuwa nacho, na nisingekupa ungekuwa na njaa. Aliyelitia sumu ndiye aombe radhi, na nimengoja, hajaja.

Mwambie Thuc. Mwambie leo, kabla hajamaliza kitanda. Mwanaume anayeuliza maua au samaki anaweza kubeba habari. Na asichonge samaki.

Mama mkwe wako mwambie simdai aibu, aweke maji ya chai. Nimebeba sufuria yangu. Sibebi kitu kingine, hata machungwa ya bustanini, nasafiri mikono mitupu kwa mara ya kwanza maishani mwangu na ninajiona niko uchi. Nunueni mayai ya bata bukini hapo kwenu, kwa mtu ambaye nitakwenda mwenyewe kuona bata wake wanaoga wapi. Nitakuchemshia na utakula mbele yangu, hata ukitapika.

Yule kifaranga naomba nimkute hai. Uji wa kijiko cha chai hautoshi, mdomo wa vile unataka chakula kiingizwe kwa ubavu, kwa kidole, taratibu, huku umemshika shingo. Wengi wameishi mikononi mwangu kwa namna hiyo kwa muda, siku ambazo wengine walisema nitupe.

Atakayetoka tumboni mwako naye nitamlisha. Akiwa na mdomo unaofunga, vizuri. Akiwa na mwingine, kidole changu kipo.

Ukimaliza kusoma nawa uso, uje. Chai itakuwa inapoa.

Bibi yako,
Sau